Kuhamisha Vumbi Si Kuondoa Dhulma

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandika ardhi kwa ajili ya viumbe wote, asiibague kwa tajiri wala kwa maskini. Ama baada ya hayo:

Ndugu waumini, mwezi huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa juujuu huonekana kuwa ni la wachora ramani na maofisa wa Halmashauri, ilhali kwa hakika linamhusu kila mwenye pua ya kuvutia pumzi. Nalo ni hili: nani anayeamua kwamba vumbi, moshi na uchafu unaotokana na shughuli za uchumi uende kwa fulani na usiende kwa fulani? Na akishaamua, anaamua kwa mizani gani?

Katika mji wetu wa Mtwara uamuzi huo una jina la heshima. Unaitwa mipango miji. Unakaa katika ramani zenye rangi: sehemu hii makazi, sehemu ile biashara, ile pale viwanda, na hii bandari. Wengi wetu tunaiona ramani ya namna hiyo siku tunapotafuta kiwanja tu, tukishapata hati hatuulizi tena. Lakini rangi zile ndizo zinazoamua mtoto wa nani atakohoa usiku na mtoto wa nani atalala. Ndiyo maana hatuoni kuwa ni halali kuliacha jambo hili mikononi mwa wachache, kisha sisi tukaja kulalamika nyuma ya baraza.

Makaa yalipofika bandarini

Wakazi wa Shangani hawahitaji kuhadithiwa. Kwa miaka mingi bandari yetu ilijulikana kwa korosho, na baadaye kwa saruji tangu kiwanda kikubwa cha saruji kilipozinduliwa mkoani hapa mwaka 2015. Serikali ikaipanua, ikajenga gati jipya lenye urefu wa mita 300 kwa gharama ya shilingi bilioni 157.8. Kisha, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021 na hasa mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nishati duniani, makaa ya mawe ya Ngaka wilayani Mbinga yalipata wanunuzi wa ng'ambo. Malori yakaanza kushuka kutoka Mkoa wa Ruvuma, kupitia Songea, Namtumbo, Tunduru, Masasi na Mikindani, safari ya kilomita zaidi ya mia sita, hadi kwenye gati letu.

Hapana shaka kwamba kheri ilikuja pamoja na malori hayo. Vijana walipata vibarua, mama lishe waliuza, nyumba za wageni zilijaa, na bandari iliyokuwa ikisinzia nje ya msimu wa korosho ikaamka. Asiyeyataja haya hasemi kweli. Lakini pamoja na kheri hiyo lilikuja vumbi jeusi. Makaa yanapomwagwa, yanaporundikwa na yanapopakiwa melini, chembe zake huruka. Kusi hulivumisha vumbi upande mmoja, kaskazi hulivumisha upande mwingine, na nyumba zilizo karibu hazina msimu wa kupumzika.

Tusidhani kwamba tatizo la vumbi ni nguo zilizoanikwa na sakafu iliyofagiliwa mara tatu kwa siku. Wataalamu wa afya wanatufahamisha kwamba vumbi tunaloliona kwa macho ndilo lenye nafuu, kwa kuwa sehemu kubwa yake hunaswa puani na kooni. La hatari zaidi ni lile lisiloonekana. Chembe zenye upana wa chini ya maikromita 2.5, ambazo hutoka pia katika moshi wa injini za malori na meli, hufika ndani kabisa ya mapafu, na baadhi yake huingia katika mzunguko wa damu. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, liliteremsha kiwango linachokipendekeza kwa chembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Maana yake ni kwamba kadiri elimu inavyozidi, ndivyo inavyobainika kuwa kiasi kidogo nacho kina madhara. Na waathirika wa mwanzo ni watoto, wazee, wajawazito na wenye pumu, yaani wale wasiokuwa na sauti katika vikao.

Dawa iliyoagizwa

Kelele zilisikika, na tunashukuru kwamba zilisikika. Mwaka 2023 Serikali ilieleza mpango wa kujenga bandari nyingine huko Kisiwa-Mgao, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, kwa ajili ya shehena chafu kama makaa ya mawe na saruji, ili bandari ya mjini ibaki na shehena safi. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ni korosho. Mwaka huo huo ilikwisha kuamuliwa kwamba korosho za kusini zisafirishwe kupitia bandari ya Mtwara, na korosho ni chakula. Chakula na makaa ya mawe havikai pahala pamoja.

Sababu hiyo ni ya haki na sisi tunaiunga mkono. Lakini ndugu msomaji, hebu izingatie vizuri. Tumekubaliana bila ubishi mkubwa kwamba korosho iliyo ndani ya gunia, ambayo ina ganda gumu juu yake, isikae jirani na makaa ya mawe. Sasa tuulize: na mwanadamu asiyekuwa na ganda wala gunia, ambaye anavuta hewa ile ile usiku na mchana, yeye tumemwekea sharti gani? Ikiwa jibu kwa mkazi wa mjini ni kwamba vumbi litahamishwa, basi lipi jibu kwa mkazi wa Kisiwa na Mgao, ambako linahamishiwa?

Hapa ndipo ulipo mzizi wa tahariri hii. Hatusemi kwamba bandari ya Kisiwa-Mgao isijengwe. Huenda kuitenga shehena chafu mbali na mji ni uamuzi wa busara kuliko yote. Tunachokisema ni kwamba kuhamisha madhara kutoka mlango wa mtu mmoja hadi mlango wa mwingine hakuwi uadilifu kwa sababu tu mlango wa pili uko mbali na macho yetu.

Ramani zina kumbukumbu

Ili tufahamu kwa nini jambo hili linatutia wasiwasi, yatupasa tuikumbuke historia ya mji wenyewe. Mikindani ni mji wa kale, uliojengeka kidogo kidogo kwa mikono ya wenyeji, mabaharia na wafanyabiashara. Mtwara ya leo, kinyume chake, ilichorwa mezani. Ilichorwa na Waingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walipoanzisha mradi wa karanga wa Nachingwea. Bandari ilijengwa kati ya mwaka 1948 na 1954, na reli ikajengwa kuelekea bara. Mradi wa karanga ulivunjika mwaka 1951, na reli nayo iling'olewa baada ya Uhuru, ikabaki jina tu katika kata yetu ya Reli. Lakini mchoro wa mji haukung'olewa.

Katika mchoro ule, kama ilivyokuwa katika miji mingine ya Tanganyika, watu waligawanywa. Dar es Salaam ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati kuwatenga wenyeji na wengine, kwa kisingizio cha afya. Afya ya nani? Huku kwetu Shangani, upande wa bahari, palitengwa viwanja vipana kwa wakubwa wa serikali, penye upepo na miti. Wenyeji wakapangiwa vitongoji vya nyuma, nyumba zimebanana.

Baada ya Uhuru neno la rangi ya ngozi liliondolewa katika ramani, na hilo ni jambo la kujivunia. Mahali pake pakaja neno la ujazo: viwanja vya ujazo mdogo, vya ujazo wa kati na vya ujazo mkubwa. Sheria haimzuii Mmakonde wala Mmakua kununua kiwanja cha ujazo mdogo. Kinachomzuia ni bei. Ukuta uliokuwa wa rangi umekuwa wa fedha, na pale ulipokuwa umesimama ndipo uliposimama hadi leo.

Lakini ramani ya ardhini haina mamlaka juu ya upepo. Ndiyo maana makaa ya mawe yalipofika, vumbi halikuuliza hiki ni kiwanja cha ujazo gani. Liliruka hadi Shangani kama lilivyoruka kwingine. Hatudai kwamba malalamiko yalisikilizwa kwa sababu tu yalifika kwenye nyumba za wenye nafasi, kwani Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo vifuani. Ila kila mmoja wetu ajiulize kwa dhati: lau vumbi lile lingeishia kwa watu wasiokuwa na simu ya mkubwa yeyote, je, lingetafutiwa bandari nyingine?

Somo la dampo la Dar es Salaam

Kama kuna mtu anayeona tunakuza jambo, na atazame yaliyotokea Dar es Salaam kuhusu dampo la taka. Kwa miaka mingi taka za jiji zilitupwa Tabata. Wakazi, wakiwa wamechoshwa na moshi, uvundo na maradhi, walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 na wakashinda. Halmashauri ya Jiji iliamriwa iache. Badala ya kuacha ikaomba muda, kisha ikaomba muda tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alilikataa ombi jingine la namna hiyo, na akaifungamanisha kesi hiyo na haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba ya nchi yetu.

Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao, mamia yao, wakaenda mahakamani mwaka huo huo. Hoja yao mojawapo ilikuwa ni ramani yenyewe: eneo lile katika mpango kabambe wa jiji lilikuwa limetengwa kuwa makazi, si mahali pa taka. Mahakama ikakubaliana nao.

Je, taka zilikwisha? La. Zilikwenda Vingunguti, mahali palipobanana na pa watu wenye kipato kidogo, jirani na machinjio na viwanda. Kutoka hapo zikaenda Mtoni. Hatimaye, mwaka 2007, zikapelekwa Pugu Kinyamwezi, pembezoni kabisa mwa jiji la wakati ule.

Tazama mwenendo huo kwa makini. Kila palipokuwa na watu walioweza kuajiri wakili na kusimama mahakamani, taka ziliondoka. Kila waliposhinda, jalala halikupungua hata toroli moja, lilitafuta tu jirani mwingine. Hatuwalaumu wa Tabata na Kunduchi, kwani walidai haki yao, na ushindi wao umekuwa hazina ya sheria kwa kila Mtanzania. Tunachojifunza ni kwamba haki inayodaiwa mtaa mmoja mmoja humwacha wa mwisho kwenye foleni akibeba mzigo wa wote.

Majirani zetu wa Mombasa walionja machungu zaidi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliruhusiwa kuanza kazi mwaka 2007 ubavuni mwa nyumba za maskini. Madini ya risasi yakaingia katika hewa, maji na damu za watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014 baada ya wakazi kupambana. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na hukumu hiyo ikaendelea kubishaniwa katika rufaa kwa miaka. Hata Marekani, nchi yenye mali na sheria nyingi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987 ulibainisha kwamba kigezo kikubwa cha kutabiri mahali taka za sumu zinapowekwa ni rangi ya wakazi wa mahali hapo. Basi maradhi haya si ya Mtwara peke yake. Lakini kuwa wengi wanaugua si sababu ya mgonjwa kukataa dawa.

Hoja ya watu wachache

Wako watakaosema: mjini kuna watu wengi, kijijini wachache, na madhara kwa wachache ni afadhali kuliko madhara kwa wengi. Hoja hii ina uzito, na wanazuoni wetu wanaitambua kanuni ya kuchagua dhara jepesi pale ambapo madhara mawili hayaepukiki. Lakini kanuni hiyo ina masharti ambayo watu husahau kuyataja.

Sharti la kwanza ni kwamba dhara liwe haliepukiki kweli. Vumbi la makaa ya mawe kwa sehemu kubwa linaepukika. Malori yanaweza kufunikwa maturubai barabara. Marundo yanaweza kunyunyiziwa maji, kuwekewa kuta za kukinga upepo au kuhifadhiwa ndani ya maghala. Makaa yanaweza kupelekwa melini kwa mkanda uliofunikwa badala ya kumwagwa kwa kijiko cha krini. Haya yanafanyika katika bandari nyingi duniani. Tofauti ni gharama, na gharama inapokwepwa na mfanyabiashara haipotei: mama wa kijijini huilipa hospitali.

Sharti la pili ni kwamba anayebebeshwa dhara kwa maslahi ya wengine alipwe na alindwe. Ipo kanuni mashuhuri ya fiqhi kwamba mwenye kula faida ndiye mwenye kubeba hasara. Mapato ya makaa ya mawe yanagawanywa Mbinga, Mtwara, Dodoma na ng'ambo. Haitakuwa haki faida ikigawanywa nchi nzima na hasara ikaachwa katika vijiji viwili.

Aidha, uchache wa watu si jambo la kudumu. Kiwanda cha saruji cha Wazo, Dar es Salaam, kilipoanza mwaka 1966 kilikuwa nje ya jiji. Leo Tegeta, Boko na Bunju ni miji kamili. Watu waliifuata kazi, wakaifuata barabara, na zaidi ya yote wakaifuata bei nafuu ya ardhi. Hivi ndivyo duara hili linavyozunguka: uchafu hupelekwa kwenye ardhi ya bei ndogo, uchafu huo huifanya bei iwe ndogo zaidi, na bei hiyo humvuta maskini aje ajenge. Kisha miaka ishirini baadaye anaambiwa, "Nani alikutuma ujenge karibu na kiwanda?" Kosa halikuwa lake peke yake. Lilikuwa la aliyechora ukanda wa usalama katika karatasi kisha akauacha ukatwe viwanja.

Jirani na madhara katika sheria yetu

Wengine wanadhani suala la mazingira ni mtindo mpya ulioletwa na wafadhili. Hawajui kwamba miji ya Kiislamu ilikuwa na fiqhi nzima ya jambo hili. Msingi wake ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yanayokataza kudhuru na kulipana madhara, na yale yaliyoikuza haki ya jirani hadi ikadhaniwa kwamba jirani atarithishwa. Juu ya msingi huo makadhi waliamua kesi za moshi wa tanuri, harufu ya viwanda vya ngozi na kishindo cha vinu. Katika karne ya 14 huko Tunis, fundi mkuu wa majengo Ibn al-Rami, aliyekuwa mtaalamu wa mahakama ya kadhi, alikusanya hukumu za namna hiyo katika kitabu mahsusi. Watu wa ngozi na wa tanuri walihitajiwa, na kazi yao ilikuwa ya halali. Lakini uhalali wa kazi haukumpa mtu ruhusa ya kuipeleka harufu yake katika nyumba ya mwingine.

Sheria za nchi yetu nazo, zikisomwa kwa nia njema, haziko mbali na hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aliyeko Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa. Inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na wananchi washirikishwe. Viwango vya ubora wa hewa vimewekwa kwa kanuni za mwaka 2007. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo imeweka nafasi ya wakazi kutoa maoni na pingamizi mpango unapoandaliwa. Kwa hiyo upungufu wetu mkubwa hauko katika vitabu vya sheria. Uko baina ya kitabu na kijiji.

Na hapa kuna jambo linalowauma watu wetu wa pwani. Tangu mwaka 2000, kuanzia Ghuba ya Mnazi hadi maingilio ya Mto Ruvuma, bahari yetu ni hifadhi, nayo imegawanywa katika kanda: hapa ruhusa, hapa ruhusa kwa masharti, hapa marufuku. Mvuvi wa Msimbati anajua kwamba kanda ina nguvu ya sheria. Hatulalamikii kuhifadhiwa kwa samaki na matumbawe, kwani ni amana. Ila tunasema, ikiwa mstari uliochorwa juu ya maji, ambao hauonekani, unaweza kumzuia mtu mwenye mtumbwi, basi mstari uliochorwa ardhini baina ya marundo ya makaa na nyumba za watu uweze kumzuia mwenye lori mia.

Tunachokitaka

Kwa hiyo, bila ya kumtuhumu mtu, tunawaomba viongozi wetu wa Mkoa, Wilaya, Manispaa ya Mtwara Mikindani na Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, pamoja na mamlaka za bandari na mazingira, wayatazame haya:

Kwanza, ukanda wa usalama baina ya eneo la shehena chafu na makazi ya Kisiwa na Mgao uandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi, uwekewe alama ardhini, upandwe miti, na usikatwe viwanja na yeyote. Wanaolazimika kuhama walipwe fidia timilifu kabla ya kuhamishwa, si baada.

Pili, hewa ipimwe kabla shehena chafu haijaanza kupita, na iendelee kupimwa. Bila ya kipimo cha mwanzo hapatakuwa na ushahidi wa mwisho. Matokeo yabandikwe kila mwezi kwa Kiswahili katika ofisi za vijiji na mitaa, mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuyasoma. Vipimo vya bandari ya mjini vipewe uwazi huo huo kwa kadiri shehena ya vumbi inavyoendelea kushughulikiwa hapo.

Tatu, sehemu ya mapato ya ushuru itengwe kwa vijiji na kata zinazobeba vumbi, kwa ajili ya zahanati, maji na shule, na wananchi wasomewe hesabu yake.

Nne, wavuvi wahifadhiwe njia zao za baharini na mahali pa kupaki vyombo na kuuza samaki. Mvuvi aliyepoteza diko lake amepoteza shamba.

Tano, tusiisahau barabara. Malori yanapita Mikindani, ufukweni kabisa, mbele ya nyumba, shule na misikiti. Kufunika mzigo na kuheshimu mwendo kuwe ni sharti la leseni, si hisani ya dereva.

Na sisi je?

Ndugu waumini, si uadilifu kuinyooshea Serikali vidole vitano na sisi tukajisahau. Ni nani kati yetu anayechoma taka za plastiki asubuhi, moshi ukaingia dirishani kwa jirani mwenye mtoto mchanga? Ni nani aliyefungua gereji au karakana ya kuchomelea katikati ya nyumba za watu kwa kuwa mjumbe ni shemeji yake? Ni nani aliyenunua kwa bei ya kutupa shamba la mzee wa kijijini, akijua ramani inakoelekea na mzee hajui? Kama dhulma ya mkubwa ni dhulma, na ya mdogo ni dhulma.

Halafu tuna dhambi ya kutohudhuria. Mkutano wa mtaa unaitishwa, sisi tuko barazani tunacheza bao. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni haki ya kila mtu mzima, unafanyika na watu ishirini. Timu ya tathmini ya mazingira inakuja, inazungumza na mwenyekiti na wazee wanne, inaandika kwamba wananchi wameshirikishwa. Tangazo la kubadili matumizi ya ardhi linabandikwa, hakuna anayelisoma. Kisha lori la kwanza likipita ndipo tunapouliza nani ameruhusu. Tumeruhusu sisi, kwa kukaa kwetu kimya.

Tunatoa wito kwa maimamu na kamati za misikiti ya Shangani, Chikongola, Majengo, Reli, Mikindani na kwingineko, wawatangazie watu mikutano hii baada ya swala kama wanavyotangaza maziko na harusi. Kila msikiti una mwalimu, muuguzi au mstaafu anayeweza kuisoma ripoti ya kitaalamu na kuwafafanulia wenzake. Na tunatoa wito mahsusi kwa watu wa mjini. Siku vumbi litakapopungua Shangani, tusisujudu sijida ya shukrani kisha tukasahau lilikokwenda. Safari ya kutoka hapa hadi Mgao si ndefu. Twende tukawaulize ndugu zetu wanaonaje, wameelezwa nini, na wameahidiwa nini kwa maandishi. Sauti iliyosaidia kuliondoa vumbi katika madirisha yetu ndiyo sauti tunayodaiwa kuitoa kwa ajili ya madirisha yao.

Mji mwema haupimwi kwa usafi wa mtaa wake mzuri kuliko yote. Unapimwa kwa hewa anayovuta mtu wa mwisho katika ramani yake. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu mizani iliyo sawa, awape wenye biashara mioyo ya kumuogopa Yeye katika mapafu ya watu, na atuamshe sisi kabla hatujaulizwa.

Wabillahi tawfiq.